Ukiwa na Shaka, Usiachie Mshale



Kuna sentensi moja ambayo vijana hunitumia karibu kila wiki. Maneno hubadilika lakini maana ni ile ile: "Sina uhakika kama ni dhambi, lakini..." Baada ya hiyo "lakini" huja mambo mengi. Mmoja anataka kuweka pesa ya karo kwenye kamari, akitumaini itarudi mara mbili. Mwingine ana skrinshoti ya meseji za rafiki yake na anajiuliza kama aitupe kwenye grupu. Mwingine amepewa kazi nzuri, ila bosi anamwomba asaini karatasi ambazo hazielewi vizuri. Na wapo wanaoandika kuhusu jambo zito kuliko hayo yote. Hilo nitalifikia mbele.

Leo tutafakari pamoja hilo neno "sina uhakika". Wengi wetu tunalichukua kama ruhusa. Yaani, kwa kuwa sijui kwamba ni vibaya, basi naendelea. Lakini Kanisa linatufundisha kinyume chake. Na ili tuelewane vizuri, nitatumia mfano ambao pengine hukutarajia kuukuta hapa: uwindaji wa dubu kwa upinde na mshale.

Safari yenyewe

Mimi ni Mkenya ninayeishi Minnesota, Marekani. Katika parokia yetu kuna mzee mmoja, mzaliwa wa huku, ambaye amenilea kiimani tangu nifike. Amekuwa akiwinda kwa upinde tangu ujana wake. Kwa miaka mitatu aliweka akiba ili aende kaskazini-magharibi mwa Ontario, Kanada, kumwinda dubu mweusi. Bega lake lilikuwa limeanza kumsumbua, na daktari alishamwambia kwamba upasuaji unakuja. Alijua kabisa kwamba huenda hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Akaniomba nimsindikize, nimbebee mizigo na nimsaidie kuendesha gari. Sikuwa na leseni ya kuwinda wala upinde. Nilikwenda kama msindikizaji tu.

Tulivuka mpaka pale International Falls mwanzoni mwa mwezi wa sita. Sheria ya Ontario haimruhusu mgeni kutoka nje ya Kanada kujiendea tu msituni kuwinda dubu. Ni lazima apitie kwa mtu mwenye kibali cha kupokea wawindaji. Kwa hiyo tulikuwa na mwongozaji, mtu anayeujua msitu ule, anayejua dubu wanapita wapi na upepo unavuma kutoka wapi.

Je, kuwinda si dhambi?

Najua swali hili liko mdomoni mwako, maana nami nilikwenda nalo. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wengi wetu tumekua tukijua kwamba mtu anayefuata mnyama na silaha ni jangili. Basi kabla ya kuondoka nilifungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418. Inafundisha kwamba Mungu ameweka wanyama chini ya ulinzi wa mwanadamu, na kwamba ni halali kuwatumia kwa chakula na mavazi. Ila inaongeza kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume na heshima ya mwanadamu mwenyewe. Kanisa lina hata msimamizi wa wawindaji: Mtakatifu Huberti, askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba.

Kwa hiyo kuwinda kunaweza kuwa halali. Lakini hata jambo la halali lina namna ya kufanywa, na hapo ndipo mwongozaji alipoanza kutufundisha.

Somo la mwongozaji

Siku ya kwanza alitukalisha chini. Akasema mshale hauui kama risasi. Unaua kwa makali ya kigumba, kwa kukata mapafu au moyo. Ukipiga pengine, mnyama atakimbia na maumivu usiku kucha, na dubu ana manyoya mazito na mafuta mengi, kiasi kwamba damu inaweza isidondoke chini na msimpate kabisa. Ndiyo maana mtu wa upinde hukaa karibu. Sisi tulikuwa mita 18 tu kutoka kwenye chambo. Na ni lazima angoje mpaka dubu ageuze ubavu, na mguu wa mbele usogee usifunike moyo.

Kisha akaja kwenye jambo ambalo alilirudia kila siku. Dubu jike huzaa akiwa pangoni, katikati ya baridi kali, kwa kawaida mwezi wa kwanza. Ifikapo mwezi wa sita wale watoto wana miezi mitano hivi na bado wanamtegemea mama. Ukimuua mama, umewaua na watoto. Mwaka 1999 serikali ya Ontario iliufunga uwindaji wa dubu wa majira ya kuchipua, na hoja kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya watoto kubaki yatima. Uliporudishwa kwa majaribio mwaka 2014 katika maeneo machache, na kupanuliwa mwaka 2016, katazo lilikuwa wazi: majira yale huruhusiwi kumpiga mtoto wa dubu, wala jike mwenye watoto.

Shida ni kwamba mama huyo mara nyingi huwaacha watoto vichakani au juu ya mti, akaja peke yake kula. Utamtambuaje? Mwongozaji alitupa alama. Tazama masikio: dume mkubwa ana kichwa kipana, kwa hiyo masikio yake huonekana madogo na yaliyoachana. Mlinganishe na lile pipa la chambo ujue kimo chake. Mwangalie anavyotembea. Akigeukageuka kutazama nyuma, jiulize anamtazama nani. Halafu akamalizia: "Ukiwa na shaka, usiachie mshale. Sitaki kusikia habari ya labda."

Jioni ya mwisho

Siku tano tulikaa juu ya mti, kila mmoja kwenye kiti chake kilichofungwa kwenye shina, na mkanda wa usalama kiunoni, kuanzia alasiri hadi giza. Mbu na wale inzi weusi wanaouma walitula tulivyo, maana hairuhusiwi hata kupunga mkono. Mwindaji mwingine wa kambi yetu alipata dume siku ya tatu. Nyama ilikatwa yote ikapikwa mpaka ikaiva kabisa, maana nyama ya dubu ikiliwa mbichi ina vimelea vinavyomdhuru mtu. Mzee wangu hakupata kitu.

Jioni ya sita, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, dubu akatokea. Jua lilikuwa linakaribia kutua, karibu saa tatu usiku kwa kule. Alikuwa mkubwa, mweusi ti, na kimo chake kilikaribia mdomo wa pipa. Mzee akanyanyua upinde polepole akauvuta mpaka mwisho. Dubu akageuza ubavu. Mguu wa mbele ukasogea. Kila kitu tulichofundishwa kungojea kikawa pale mbele yetu, mita 18.

Lakini kichwa kilikuwa kivulini na masikio hayakuonekana vizuri. Na yule dubu akageuka akatazama kichakani. Akarudi kula. Akageuka tena, safari hii akatoa mgurumo mdogo wa chini. Dubu jike huwaita watoto wake kwa sauti ya namna hiyo. Ila dubu hutoa sauti kwa sababu nyingi.

Mkono wa mzee ulianza kutetemeka. Mwongozaji hakuwepo. Alikuwa kwenye gari, mbali, akingoja giza liingie aje kutuchukua. Hakuna mtu ambaye angejua. Mimi nilikuwa pale, lakini mimi nilijua nini? Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, aliulegeza upinde taratibu, akaurudisha mshale kwenye podo. Dubu akala, akatembea kuelekea kichakani, akapotea.

Pengine unangojea niseme kwamba watoto watatu walitoka kichakani kumfuata mama yao. Hawakutoka. Mpaka leo hatujui yule alikuwa jike au dume, alikuwa na watoto au hakuwa nao. Mwongozaji alipofika na kuuliza, mzee alimjibu maneno matatu: "Sikuwa na uhakika." Yule bwana akampa mkono, akasema, "Basi umewinda vizuri."

Mzee alifanyiwa upasuaji baadaye mwaka ule, na hajavuta upinde tena. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kama anajuta. Akacheka. "Ningeachia ule mshale, ningekuwa na ngozi ukutani na swali moyoni. Sasa nina ukuta mtupu tu."

Kanisa linasemaje?

Kijana mwenzangu, tangu zamani walimu wa maadili wa Kanisa wametumia mfano wa mwindaji kufundisha juu ya dhamiri yenye shaka. Mwindaji anaona kichaka kikitikisika. Inaweza kuwa paa, inaweza kuwa mtu. Je, anaruhusiwa kupiga? Hapana. Sasa sikiliza sababu yake, maana hapo ndipo pana uzito. Akipiga bila kujua, amekwisha kukubali moyoni mwake kwamba hata kama ni mtu, sawa tu. Baadaye akikuta ni paa, ameponea kwa bahati. Moyo wake ulishachagua.

Mtume Paulo anagusa jambo hilo hilo katika Warumi 14:23. Anazungumzia chakula, lakini kanuni ni pana: mtu anayekula huku ana shaka anajihukumu mwenyewe, kwa sababu kitendo chake hakitoki katika imani. Na katika 1 Wakorintho 6:12 anawaambia wale waliojivunia uhuru wao kwamba si kila kilicho halali kinafaa, na kwamba yeye hatakubali kutawaliwa na kitu chochote. Mzee wangu alikuwa na leseni mfukoni, leseni halali ya kumpiga dubu. Leseni ilimpa ruhusa, haikumpa amri. Uhuru wake ulionekana pale alipoweza kuvuta upinde na bado asiachie.

Kwa hiyo "sina uhakika" ni taa nyekundu. Unasimama kwanza, shaka iishe, ndipo uamue.

Daudi pangoni

Unamkumbuka Daudi alipomwomba Sauli ruhusa ya kupigana na Goliathi? Sifa alizotoa ni kwamba alipokuwa akichunga kondoo alishawaua simba na dubu (1 Samweli 17:34-36). Sisi vijana tunaipenda sura hiyo. Tunapenda Daudi wa kombeo.

Nenda sasa sura ya 24. Sauli anamwinda Daudi jangwani kwa Engedi na watu 3,000. Anaingia pangoni peke yake kujisaidia, bila kujua kwamba Daudi na watu wake wamejificha humo humo, ndani zaidi. Marafiki wa Daudi wanamwambia siku aliyoahidiwa na Mungu ndiyo hii. Unaona hiyo? Marafiki hawamwambii atende dhambi. Wanamwambia ni Mungu amempa! Daudi anasogea, anakata upindo wa vazi la mfalme, na hata kwa kitendo hicho kidogo dhamiri inamchoma. Anawazuia watu wake. Sauli anatoka mzima.

Mimi naamini mkono uliomshinda dubu haukuwahi kuwa na nguvu kuliko siku ile ulipojizuia pangoni. Na ushahidi uko mbele kidogo, 2 Samweli 11. Daudi yule yule, sasa ni mfalme, yuko juu ya dari jioni, anamwona mke wa mtu. Anauliza habari zake na anajibiwa wazi kwamba ni mke wa Uria. Hapo hakuna hata shaka tena. Akaachia mshale. Na ule mshale ulimwua Uria, ukaingia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliyeshinda dubu alishindwa na macho yake.

Basi nifanyeje nikiwa na shaka?

Nakupa maneno matatu, yote nimeyajifunza kwa yule mwongozaji.

La kwanza ni subiri. Shetani anapenda haraka. "Jibu sasa hivi." "Ofa inaisha leo." "Kama unanipenda, onyesha usiku huu." Jambo jema halioni aibu kungoja mpaka kesho. Ukiona jambo haliwezi kungoja hata usiku mmoja wa sala, hiyo peke yake ni alama.

La pili ni tazama. Dhamiri inahitaji kufundishwa, kama jicho la mwindaji linavyofundishwa kutambua masikio ya dubu. Katekisimu inalizungumzia hilo namba 1783 hadi 1785: Neno la Mungu ni nuru ya njia yetu, tunalipokea katika imani na sala, na mafundisho ya Kanisa yanatuongoza. Kijana anayesoma Injili dakika kumi kwa siku ataona mambo ambayo mwenzake hataona, wote wakiwa wanatazama kichaka kimoja.

La tatu ni uliza. Mgeni haendi msituni bila mwongozaji, na wewe usiende katika maamuzi makubwa bila padre, sista, katekista au mtu mzima wa imani unayemwamini. Ila angalia: siku ya mwisho mwongozaji wetu hakuwepo juu ya mti. Kilichokuwepo ni neno lake. Ndivyo itakavyokuwa kwako. Saa ya kujaribiwa padre hatakuwa chumbani kwako, mama hatakuwa kwenye simu yako. Kitakachobaki ni kile ulichokikubali mapema.

Na neno kwa wale wenye wasiwasi wa kupita kiasi, wanaoogopa kila kitu kuwa dhambi: sikusemei wewe kwamba usiamue lolote. Yule mwindaji wa siku ya tatu alikuwa na uhakika, akaachia, akafanya sawa. Shaka ikiisha kwa njia halali, tenda kwa amani. Na wewe zaidi ya wote chagua muungamishi mmoja, umsikilize.

Lile jambo zito

Nilisema nitalifikia. Kila mara napata ujumbe wa kijana, wa kike au wa kiume: mimba imeingia, wazazi hawajui, na marafiki wanasema, "Bado ni kitu kidogo tu, hakuna anayejua kama ni mtu."

Kanisa halina shaka hapa. Linafundisha kwamba uhai wa binadamu ulindwe tangu kutungwa mimba (Katekisimu, 2270). Lakini tuseme wewe bado hujashawishika. Tuseme kweli kwako ni "labda". Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, namba 60, alifundisha kwamba hata uwezekano tu wa kuwepo nafsi ya mtu unatosha kulizuia tendo hilo. Ni ile ile kanuni ya kichaka kinachotikisika. Mzee mmoja aliacha ndoto ya miaka mitatu kwa ajili ya watoto wa dubu ambao huenda hawakuwepo kabisa. Mtoto wa mwanadamu si zaidi?

Usibaki peke yako na hofu. Mwambie mtu leo: mama, shangazi, padre, sista. Na wewe kijana wa kiume, usimtumie pesa na kuzima simu. Simama naye.

Na kama mshale ulishaachiwa, ndugu yangu, dada yangu, usiondoke kwenye ukurasa huu ukidhani huna mlango. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kuondolea dhambi hiyo katika kitubio. Daudi alilia, akasamehewa. Kristo alichomwa ubavu msalabani, na katika ubavu ule kuna nafasi yako. Tafuta padre wiki hii.

Kazi ya wiki

Chagua jambo moja maishani mwako ambalo umekuwa ukilifanya chini ya kivuli cha "sina uhakika". Moja tu. Lisimamishe kwa siku saba. Kila jioni soma 1 Samweli 24 polepole, kisha mwishoni mwa wiki mwulize mtu mmoja anayejua kuliko wewe.

Tusali: Ee Bwana Yesu, umenipa mikono yenye nguvu na moyo wenye haraka. Nifundishe kungoja. Pale ambapo sioni vizuri, uushike mkono wangu. Pale nilipokwisha kujeruhi, uniponye mimi na yule niliyemjeruhi. Mama Maria, uliyeyaweka mambo moyoni na kuyatafakari, utuombee. Amina.

Ubarikiwe, na tukutane kwenye Misa ya Dominika.